Seti ya Wifi na Kopo Lisilo na Lebo

*Shangazi,*

*Mimi ni msomaji wako wa Tanga, nina miaka 28 na ujauzito wa miezi mitano, wa kwanza. Tangu mwezi wa tatu uso wangu umeingia madoa ya kahawia, mashavuni na juu ya mdomo. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa poda, lipstiki na losheni za dukani, basi.*

*Wifi yangu, dada wa mume, anauza vipodozi anavyosema ni vya asili, "bila kemikali, bila sumu". Kila asubuhi anatuma picha kwa WhatsApp. Ameniambia nitupe kila kilichomo kwenye pochi yangu ya urembo kwa sababu vitu vya dukani vina parabeni na vitamdhuru mtoto, kisha nichukue seti yake: sabuni, maji ya uso, fondesheni, lipstiki, wanja, na krimu ya mitishamba kwenye kopo dogo jeupe ambayo "inarudisha uso ndani ya siku saba". Seti nzima ni zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Krimu alinipa ya kujaribia. Nimepaka siku nne, na kweli uso umeanza kutakata.*

*Mwezi ujao mdogo wangu anaolewa, na sisi upande wa bibi harusi tutapambwa na kuchorwa. Nataka kupendeza, nataka mwanangu awe salama, na sitaki kugombana na wifi. Je, nitupe vyote nianze upya? Vipodozi visivyo na sumu vinajaribiwaje? Na fedha isipotosha, siwezi kutengeneza vyangu jikoni?*

*Mama Kijacho, Tanga*

Mwanangu, hongera kwa kufika miezi mitano. Kabla ya yote, hiyo krimu ya kopo jeupe iache leo. Usimalizie iliyobaki, usimpe mtu, na usiitupe bado. Ifunge kwenye mfuko, iweke mbali na chakula, na siku ya kliniki uende nayo umwonyeshe mkunga au daktari, umwambie umeipaka siku ngapi. Foronya na taulo ulizotumia zifue. Siku nne ni chache, sitaki ukeshe ukilia. Ila katika barua yako yote, kilichonishtua ni huo uso kutakata kwa siku nne. Parabeni za lipstiki yako zinakuja mbali sana nyuma yake.

Tabaka la juu la ngozi hujibadilisha kwa muda wa takriban wiki nne. Hakuna jani wala mzizi unaofuta madoa ya ujauzito kabla hata wiki haijaisha. Krimu inapofanya kazi upesi hivyo, wa kwanza kushukiwa ni steroidi kali, dawa za hospitali kama klobetasoli na betamethasoni. Hubana mishipa midogo ya damu, uso ukaonekana mweupe na laini ndani ya siku chache, kisha zikiendelea kupakwa ngozi huwa nyembamba kama karatasi, hutoka chunusi na michirizi, na ukiacha baada ya kuzizoea uso huwaka moto. Kwa hiyo mtu aliyezitumia miezi mingi asiache ghafla bila kumwona daktari. Wewe wa siku nne, acha tu.

Wa pili ni zebaki. Huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na njiani hupenya mwilini ikaharibu figo na mishipa ya fahamu. Kwa mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Wa tatu ni haidrokwinoni, ambayo haina haraka kama wenzake lakini huchanganywa nao. Ikitumika muda mrefu ngozi hugeuka ikawa na weusi wa kibuluu usiotoka. Madaktari wa Afrika Kusini walikwisha kuyaandika madhara hayo mwaka 1975, na sisi mpaka leo tunayaona kwa macho sokoni, kwenye mashavu na viungo vya vidole vya dada zetu. Vyote vitatu ni marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania. Zebaki imefungiwa hata na mkataba wa kimataifa, ule wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017. Lebo nyingi huandikwa kwa Kiingereza, basi majina ya kutafuta ni "mercury" au "calomel", "hydroquinone", "clobetasol" na "betamethasone". Kopo la wifi halina hata lebo ya kutafutia.

Utaniambia wifi ni mtu wako, hawezi kukudhuru. Naamini. Lakini mwaka 2019, Sacramento huko California, mwanamke mmoja alifikishwa hospitali akiwa hajitambui vizuri kwa sababu ya zebaki iliyokuwa kwenye krimu ya uso. Kopo lilikuwa la krimu inayojulikana, lakini kuna mtu njiani alikuwa ameongeza kitu ndani, na mwanamke yule alikuwa ameipata kupitia watu wanaojuana. Anayekupa kwa mkono mara nyingi hajui kilichoingizwa kabla yake. Wifi yako naye, nakuhakikishia, anapaka kopo hilo hilo.

Sasa tuje kwenye hofu aliyokuuzia. "Asilia", "bila sumu", "bila kemikali": maneno haya hayana kipimo cha kisheria kwenye vipodozi. Kiwanda chochote, na mtu yeyote mwenye printa, anaweza kuyabandika. Na parabeni, ambazo ndizo zimefanywa shetani wa matangazo, ni vihifadhi vinavyozuia ukungu na bakteria kuota kwenye kitu chenye maji. Umoja wa Ulaya, ambao ni mkali kuliko wengi, ulizipiga marufuku tano mwaka 2014, lakini methilparabeni na ethilparabeni zinaruhusiwa hadi asilimia 0.4 kila moja. Viwanda vilipoanza kuzikimbia ili viandike "bila parabeni", vingi vilikimbilia kihifadhi kingine kiitwacho methilisothiazolinoni. Ulaya ikapata wimbi la watu waliovimba na kuwashwa, na hatimaye kikaondolewa kwa sheria kwenye bidhaa zote zinazobaki mwilini, yaani zisizosuuzwa. Mwaka 2019 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliamua kuzisafisha jina parabeni hadharani kwa sababu ni nadra sana kuleta mzio. Kama bado hutaki parabeni ni haki yako, na zipo bidhaa nzuri zisizo nazo. Ila usilipe nusu mshahara kwa ajili ya hofu hiyo.

Kwa hiyo usitupe vyote. Mwaga pochi yako mezani na uangalie kila kitu kina nini mwilini mwake: jina la mtengenezaji na mahali alipo, orodha ya viambata, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, na alama ya ubora ya TBS, shirika letu la viwango, kama kimetengenezwa nchini. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, zamani vilikuwa chini ya TFDA, hivyo ukiwa na shaka na bidhaa ofisi ya kuuliza ni hiyo. Wasomaji wangu wa Kenya waende KEBS, wa Uganda UNBS. Kisichokuwa na orodha ya viambata kitoke. Kilichopimwa kutoka ndoo kubwa kwenda kopo dogo kitoke. Maskara iliyofunguliwa zaidi ya miezi mitatu itoke, maana ile brashi huingiza bakteria kila unapoichovya. Krimu yoyote yenye retinoli iweke kando mpaka ujifungue na umwulize daktari kuhusu kunyonyesha. Poda na lipstiki zako zenye lebo kamili, za duka linaloeleweka, zibaki na zitumike mpaka ziishe.

Ukitaka kubadilisha, badilisha kidogo kidogo kadiri vitu vinavyoisha. Anza na vile vinavyokaa mwilini muda mrefu na kufunika eneo kubwa, yaani losheni na krimu, kisha lipstiki kwa kuwa tunaila bila kutaka. Sabuni na vingine vinavyosuuzwa viwe vya mwisho. Chagua chenye orodha fupi na kisicho na manukato. Hili la manukato wengi hawalipendi, hasa sisi watu wa pwani tunaotaka kila kitu kinukie, lakini manukato ni miongoni mwa sababu kubwa za mzio wa vipodozi, yawe ya kiwandani au ya ua. Mafuta ya karafuu ya Pemba yana eujenoli, mdalasini nao una kiambata chake, na vyote viwili vimo kwenye orodha ya Ulaya ya vitu vya kutahadharisha. Udi wako fukiza nguo, marashi nyunyizia kanga.

Kujaribu chenyewe kunataka subira kuliko fedha. Chukua bidhaa moja tu. Paka kiasi cha sarafu upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni, mahali pale pale, kwa siku saba hadi kumi. Kama ni ya kusuuza, iache kwa muda ule ule ambao ungeiacha usoni, kisha suuza. Kinachochoma hapo hapo umekijua, lakini mzio wenyewe hupenda kuchelewa: siku ya pili, ya tatu, mara nyingine wiki. Ndiyo maana yule anayepaka nyuma ya sikio dukani, anasubiri dakika tano, kisha analipa, hajajaribu kitu. Mkono ukikaa salama, hamia kwenye taya kwa siku chache, kisha uso mzima. Usiongeze bidhaa ya pili kabla wiki mbili hazijapita. Ukianza seti ya vitu sita siku moja na uso ukaumuka, utamshtaki nani? Wauzaji wa seti wanalijua hilo.

Mkono ukiwasha, ukiota vipele au ukivimba, osha kwa maji, acha, na uipige picha lebo. Na muuzaji akikuambia kuwa vipele ni "sumu inatoka", mwambie kazi ya kutoa sumu mwilini inafanywa na ini na figo. Vipele baada ya krimu mpya ni ngozi inayolalamika.

Jikoni sasa. Vipo vya kutengeneza nyumbani, na vingine bibi zetu walivifanya vizuri kuliko kiwanda. Singo ya bibi harusi, liwa ya kusaga, mafuta ya nazi ya kukamua kwa mwili: endelea navyo kama ngozi yako imeshavizoea, ila mafuta ya nazi usoni huziba vinyweleo vya wengi wakatoka chunusi. Kama unapata siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda, ni laini na inafaa sana kwa tumbo linalotanuka. Mafuta ya mgando yaliyosafishwa, yale ya bei ndogo yanayosemwa vibaya siku hizi kwa kuwa yanatoka kwenye petroli, ni salama na hushika unyevu vizuri. Utomvu wa shubiri au maji ya mawaridi uliyotengeneza mwenyewe ukae kwenye friji na umwagwe baada ya siku chache, kwa sababu hauna kihifadhi. Usiku mmoja wa joto la Tanga unatosha kuuharibu bila wewe kuona wala kunusa.

Ndimu usoni usipake kabisa. Maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha doa jeusi la miezi, na wewe madoa unayo ya kutosha. Magadi soda nayo yaache kwenye maharage; ngozi inapenda uchachu kidogo, magadi yanauvuruga. Kinga ya jua hakuna anayeitengeneza jikoni, hata kama umeona video. Pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, wanatengeneza mafuta ya KiliSun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na ile ni kazi ya maabara yenye vipimo. Haifanywi kwa mwiko na sufuria.

Na kinga ya jua ndiyo dawa ya madoa yako kwa sasa. Madoa haya huletwa na homoni za ujauzito na kukolezwa na mwanga. Tafuta yenye zinki oksidi au titani dioksidi, SPF 30 au zaidi, na ikiwezekana yenye rangi ya ngozi, kwa sababu ile rangi ni oksidi za chuma ambazo huzuia hata mwanga wa kawaida unaochochea madoa. Tena haitakufanya uonekane umepakwa unga. Ongeza mtandio au mwavuli. Kwa wanawake wengi madoa hufifia ndani ya miezi michache baada ya kujifungua, na yakigoma, daktari wa ngozi ana dawa zake.

Kuhusu harusi, mpambaji aje, lakini wewe beba lipstiki yako, poda yako na sifongo yako. Gundi ya kope bandia ijaribiwe mkononi siku kadhaa kabla, au uende bila kope, macho ya mjamzito yanapendeza yenyewe. Lililo zito ni kuchorwa. Piko nyeusi inayokauka haraka na kutoa weusi papo hapo kwa kawaida ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Ulaya huiruhusu kwenye nywele tu, kwa kiasi kidogo, na ngozini hairuhusiwi. Kuna watu huota malengelenge yakafuata kila ua lililochorwa, na mwili ukishaikataa hukataa maisha yote. Miaka mingi baadaye mtu anapaka rangi ya nywele na uso unavimba mpaka macho yanafunga. Chorwa hina ya majani. Utaitambua kwa subira yake: inakaa kwa saa kadhaa, inatoka ikiwa ya chungwa, na wekundu wake hukolea siku moja au mbili baadaye. Inayotoka nyeusi siku ile ile imetiwa kitu.

Wanja wa kwenye seti ndio nimeuacha mwisho, na hukuuliza, lakini wewe unakaribia kuwa mama wa pwani. Mtoto akizaliwa, wazee watakuja na wanja wampake nyusi na macho ili asipatwe na kijicho. Wanja wa jiwe wa asili, ule unaosifiwa kuwa hauna kemikali, mara nyingi ni galena, na galena ni risasi yenyewe na salfa. Ni asilia kabisa, imechimbwa ardhini, na ni sumu. Mtoto hujifuta macho kisha ananyonya vidole. Risasi huharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Wanja wa masizi hauna tatizo hilo, ila kwa kuangalia tu hakuna anayeweza kuutofautisha na wa risasi. Wewe tumia penseli ya wanja yenye lebo. Mtoto asipakwe wowote, na hina pia asipakwe, maana wapo watoto wenye upungufu wa G6PD, hali iliyoenea kwenye nchi za malaria kama yetu, ambao hina huvunja chembe zao za damu. Zungumza na mama mkwe mapema, ukiwa bado na tumbo, usisubiri siku ya arobaini.

Imebaki wifi. Usimwambie anauza sumu, na usimjibu kwenye kundi la familia ambako shemeji na mawifi wote wanasoma. Mwendee nyumbani, na kifurushi cha sukari mkononi kama ni desturi yenu. Mwambie kliniki wamekukataza kupaka chochote kisicho na orodha ya viambata. Ukishamwonyesha mkunga kopo hilo, hutakuwa umesema uongo. Kisha muulize, kwa upole wa mtu anayetaka kujua, krimu ile anaipata kwa nani na nani anaitengeneza. Akikupa jina na lebo, sabuni yake na lipstiki yake unaweza kuzijaribu moja moja kama nilivyokueleza, na umlipe bei yake bila kuomba punguzo. Akikosa jina, umemfungua macho kwa heshima, naye ana watoto.

Na ninyi mnaouza kwa simu, ambao najua mnanisoma: msikubali mzigo usio na jina la kiwanda na orodha ya viambata, hata ukiwa na faida mara mbili, na picha ya lebo hiyo itumeni kwa mteja kabla ya kutaja bei.